Kadi ya ahadi na jeneza: Biblia inasema nini pale kanisa linapokataa kumzika mtu?

Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Na wasio wa imani hii karibuni pia, maana misibani huwa tunakaa kwenye mkeka mmoja na jambo lenyewe mnalijua.

Hili nimekaa nalo tangu mwaka juzi. Nilikuwa mzee wa kanisa katika mtaa mmoja huku Nyanda za Juu Kusini, na mimi ndiye niliyetunza daftari la ahadi. Anayesali kwetu anajua utaratibu. Kila msharika ana namba ya bahasha, mwanzo wa mwaka anaandika kwenye kadi ahadi yake ya sadaka, Jumapili bahasha zinaingia, mhazini anahesabu, mimi naweka alama mbele ya namba. Nilikuwa naifanya kazi hiyo kwa uaminifu, na sijutii uaminifu.

Akafariki mama mmoja wa mtaa wetu. Alikuwa akiuza chai na viazi vya kuchemsha stendi, na kwa miaka mingi bahasha yake ilikuwa inatangulia za watu wenye mishahara. Kisha mumewe akapata kiharusi, akalala miezi ishirini. Mama akaacha biashara akamuuguza. Bahasha ikakatika. Ibadani pia hakuonekana, maana angetoka, nani angemgeuza yule mzee kitandani? Mume alipoondoka, mama naye hakumaliza miezi minne.

Vijana wake wawili walipokuja kutoa taarifa ya msiba, mwenyekiti wa mtaa aliniambia, "Mzee, fungua daftari." Nikafungua. Nikayasoma mapengo yote mbele yao, mwezi kwa mwezi.

Uamuzi ukawa huu: mwili usiingie kanisani, kengele isipigwe, kwaya isiende, mwinjilisti aende nyumbani akafanye sala fupi. Mchungaji alikuwa safarini, akajibu kwa simu kwamba wazee wafuate utaratibu uliopo. Mwinjilisti akaenda bila kanzu. Kaburini walioanzisha wimbo ni wanawake wenzake wa stendi, na mmoja wao ni Mwislamu aliyeujua wimbo huo kwa kuusikia kwa marehemu kila asubuhi akiwasha jiko.

Kijana mkubwa aliniuliza jambo moja tu siku ile: "Baba mzee, mama anadaiwa shilingi ngapi, tulipe?" Zilikuwa 42,000. Hesabu nilikuwa nayo mkononi, nikamtajia.

Tangu siku hiyo nimesoma Biblia nikitafuta mahali ambapo watu wa Mungu walimnyima mwenzao maziko kwa sababu hakufikisha sadaka. Sijapata. Nilichopata ni 1 Samweli 31, na naomba tukae hapo kidogo kwa sababu sijawahi kusikia ikihubiriwa msibani.

Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli, amekufa. Mtazameni huyu marehemu alivyo. Mungu amemkataa, nabii Samweli ameshamwambia. Amewaua makuhani wa Nobu. Usiku wa mwisho amekwenda kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi kule Endori. Kesho yake ameangukia upanga wake mwenyewe. Kama kuna mtu ambaye kadi yake ilikuwa na mapengo, ni huyu. Wafilisti wakamkata kichwa, wakautundika mwili ukutani Beth-shani.

Watu wa Yabesh-gileadi waliposikia, mashujaa wao waliondoka wakatembea usiku kucha. Wakaushusha mwili wake na ya wanawe, wakarudi nayo Yabeshi, wakaizika mifupa chini ya mti, wakafunga siku saba. Kwa nini wao? Rudini sura ya 11. Miaka mingi nyuma Nahashi Mwamoni aliizingira Yabeshi, akataka kung'oa jicho la kuume la kila mtu, na Sauli ndiye aliyekuja kuwaokoa. Hawakuuliza Sauli alikuwa nani mwishoni. Walikumbuka alichowafanyia, na wakaona mwili wa mtu haukai ukutani.

Daudi, ambaye Sauli alimwinda kama kware mlimani, alipopata habari aliwatumia wajumbe kuwabariki kwa fadhili hiyo. Iko 2 Samweli 2:5. Hakusema wameharibu utaratibu.

Huyo mama alikuwa amewanywesha chai wanakwaya wetu bure kila walipotoka safari usiku. Sisi tulikumbuka mapengo.

Naomba maoni yenu, hasa wachungaji na wazee wenzangu mliomo humu. Je, kanisa lina mamlaka hayo?

---

Mhazini mstaafu

Pole, mzee mwenzangu, kwa mzigo huo. Kisa chako kinaumiza, na wazee wenu walikosea kutomtembelea kwa miezi ishirini. Lakini usitunge sheria kutokana na kisa kimoja.

Nimekuwa mhazini wa usharika miaka 11. Kuna watu wanalifanya kanisa kuwa chama cha kuzikana. Anaonekana kubatizwa, anaonekana kuoa, kisha anakuja ndani ya jeneza. Katikati hapo umeme wa kanisa amelipa nani? Mwinjilisti amekula nini? Vijana wakiona asiyetoa na asiyesali anazikwa sawasawa na bibi aliyetoa maisha yake yote, watatoa kwa lipi? Malaki 3:10 iko wazi, "Leteni zaka kamili ghalani." Na Paulo anasema wahubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili, 1 Wakorintho 9:14. Utaratibu wa kadi ulikuja baada ya upole kushindwa.

---

Mleta uzi

Mzee mwenzangu, nakushukuru kwa kusema bila kuficha. Nakubaliana nawe mahali pamoja: mwinjilisti lazima ale, na mtu anayelitumia kanisa kama duka la dharura anapaswa kuambiwa ukweli. Aambiwe akiwa hai. Maiti haiwezi kutubu, wala haiwezi kutoa bahasha. Adhabu tuliyotoa siku ile haikumfikia aliyekosa, kama alikosa. Iliwafikia vijana wawili waliokuwa hawajalala siku tatu.

Kuhusu Malaki, soma mstari wa 5 wa sura hiyohiyo, kabla hujafika wa 10. Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomwonea mwenye kuajiriwa katika mshahara wake, na mjane, na yatima, na mgeni. Hao wanatajwa kwanza, kabla ya zaka kufuata. Sasa nenda Kumbukumbu la Torati 14:28-29 uone ghala hilo lilikuwa la nani. Kila mwaka wa tatu zaka ya mazao iliwekwa ndani ya malango ya mji, aje Mlawi asiye na shamba, na mgeni, na yatima, na mjane, wale washibe. Yaani mama yule, tangu siku mumewe alipolala kitandani, na zaidi alipofiwa, alikuwa upande wa wanaolishwa na ghala. Sisi tulimhesabu upande wa wadaiwa wa ghala.

Na daftari nalo lipo kwenye Agano Jipya. Nilipoligundua niliacha kusoma nikatoka nje. 1 Timotheo 5:9, mjane *aandikwe*. Kanisa la Efeso lilikuwa na orodha, na ilikuwa na masharti: umri usiopungua miaka sitini, awe amelea watoto, amekaribisha wageni, amewasaidia wateswao. Ila ni orodha ya watu wa kupewa. Kanisa la kwanza liliandika majina ya wajane ili lijue nani hajala. Yangu niliandika ili nijue nani hajatoa. Miaka 9 nimetunza daftari la pili, la kwanza hatukuwahi hata kulinunua.

---

Mlinzi wa lango

Shalom. Hapa mnaleta huruma za kibinadamu. Neno lenyewe linataja "maziko ya punda". Yeremia 22:19, mtu anakokotwa na kutupwa nje ya malango ya Yerusalemu. Mungu mwenyewe ameweka tofauti kati ya mtu na mtu hata kwenye kaburi. Na Bwana Yesu alisema waache wafu wazike wafu wao. Sasa mnataka kanisa liwe na huruma kuliko Mungu?

---

Mleta uzi

Ndugu yangu, asante sana kwa kuileta hiyo, maana mstari huo nimeusikia ukitumika kutisha washarika kwenye semina za uwakili, zile za kufundisha utoaji, na kwa muda mrefu hata mimi niliuogopa.

Fungua Yeremia 22, anza mstari wa 13 usisome kwa haraka. Aliyeahidiwa maziko ya punda anatajwa kwa jina, ni mfalme Yehoyakimu mwana wa Yosia. Kosa lake nini? Alijijengea nyumba kubwa yenye vyumba vipana na madirisha, akaezeka kwa mierezi, akapaka rangi nyekundu, na mafundi waliojenga hakuwapa ujira wao. Kisha Yeremia anamlinganisha na baba yake. Anasema Yosia alikula na kunywa kama wengine, lakini aliamua maneno ya maskini na mhitaji, mambo yakawa mema, "je, huko si kunijua mimi?" asema Bwana.

Kwa hiyo mstari huo haumtishi mjane aliyeshindwa bahasha. Unamtisha mwenye nyumba kubwa aliyewadhulumu vibarua. Ukitaka kuutumia kwenye kanisa la leo, basi uulize kwanza walinzi wa kanisa lako wamelipwa lini, na fundi aliyeezeka paa la jengo jipya bado anadai kiasi gani. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kuna usharika ninaoujua ambako mlinzi alikaa miezi mitano bila posho huku mnada wa kila Jumapili ukitangaziwa marumaru za madhabahu.

Na "waache wafu wazike wafu wao", Mathayo 8:22, Bwana anamwambia mwanafunzi mmoja aliyeitwa njiani, amfuate bila kuahirisha. Siyo kanuni ya wazee wa kanisa kukaa kikao kuhusu jeneza. Yesu huyohuyo mwili wake ulizikwa na Yusufu wa Arimathaya, ambaye alikuwa mwanafunzi kwa siri kwa kuwaogopa Wayahudi. Kadi ya Yusufu ingesomwaje siku hiyo?

Tena hata makuhani wakuu waliomsulibisha, zile fedha za Yuda zilipowarudia walinunua shamba la mfinyanzi, mahali pa kuzikia wageni. Mathayo 27:7. Mikono yao ilikuwa na damu, lakini bado walijua mgeni asiye na mtu lazima apate pa kulala.

---

Mwanajumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, naomba nichangie kwa upande wetu kwa sababu nasi jambo hili lipo, hata kama halijaandikwa popote.

Kwetu inapita kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 walizifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji, na nakiri ni kitu kizuri sana. Baba yangu alipougua, jumuiya ndiyo iliyompikia uji na kumuogesha. Lakini jumuiya hiyohiyo imegeuzwa kuwa chekecheo. Ukifiwa unaambiwa ulete barua ya mwenyekiti, mwenyekiti anatazama kadi ya zaka na mahudhurio, ikiwa haijakaa vizuri utasikia "katekista atakuja". Misa hakuna.

Nilikuwa nadhani ndiyo sheria ya Kanisa, mpaka padre mmoja mzee alinisomea mwenyewe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1184, inataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: walioasi imani, wazushi na waliojitenga na Kanisa wanaojulikana hadharani, waliochagua mwili wao uchomwe kwa kuipinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Hata hao, kama kabla ya kufa walionyesha dalili yoyote ya toba, hawanyimwi. Wenye shaka juu ya marehemu wamuulize askofu wa mahali. Zaka haimo. Michango ya jimbo haimo.

Halafu kanuni ya 1181, hiyo nimeiweka kwenye simu yangu. Inazungumzia sadaka zinazotolewa wakati wa maziko, na inaonya kwamba kusiwe na upendeleo wa watu, wala maskini wasikose maziko wanayostahili. Nimeshaisoma kwenye kikao cha jumuiya. Wapo waliofurahi, na mwenyekiti hakufurahi.

Upendeleo huo nao usipite hivihivi. Sote tumeona mfanyabiashara asiyefahamu hata njia ya kigango anazikwa na mapadre sita, na hotuba juu. Yakobo 2 imesema kuhusu mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye mavazi mabovu, huyu keti hapa pazuri, wewe simama pale. Kwetu tunafanya hivyo kwa majeneza.

---

Msomaji wa historia

Niongeze kidogo tu. Mnajua kanisa la kwanza lilijulikana mjini kwa nini? Kwa kuzika.

Tertuliano wa Kartago, Mwafrika mwenzetu, mji wake upo Tunisia ya leo, aliandika utetezi wa Wakristo karibu mwaka 197. Katika sura ya 39 anaeleza sanduku lao. Kila mtu anaweka kidogo mara moja kwa mwezi, au akitaka, na kama akitaka, na kama akiweza, kwa sababu hakuna anayelazimishwa. Halafu anataja fedha inakokwenda: kuwalisha *na kuwazika* maskini, watoto wasio na wazazi, watumwa wazee, waliovunjikiwa na merikebu, wafungwa. Maziko ya maskini yalikuwa matumizi ya sanduku, tangu hapo.

Kisha mfalme Yuliani wa Roma, aliyetawala 361 hadi 363 na aliyetaka kuirudisha dini ya miungu. Alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba kilichoikuza imani ya Wakristo ni wema wao kwa wageni na jinsi wanavyoyatunza makaburi ya wafu. Adui ndiye shahidi.

Na ndugu zangu Walutheri wa KKKT, zile hoja 95 za Martin Luther mnazozikumbuka kila Oktoba 31, someni ya 43. Luther anasema Wakristo wafundishwe kwamba anayempa maskini au kumkopesha mhitaji anafanya jambo jema kuliko anayenunua vyeti vya msamaha. Ugomvi wote ule wa 1517 ulianza na watu walioambiwa kuwa sarafu kwenye sanduku inabadilisha hali ya marehemu.

---

Mgeni humu

Huwa nasoma tu, sichangii. Baba yangu alizikwa namna hiyo, kwaya ilikatazwa kuja, mama akaimba peke yake. Kaka zangu wamehamia kanisa lingine. Mimi sijaenda popote. Sijaacha kuomba ila mlango wa kanisa lile siwezi kuuvuka. Mleta uzi, wewe ulienda kwa wale vijana baadaye au umekuja kutuambia sisi tu?

---

Mleta uzi

Mwanangu, pole sana. Swali lako ni la haki na nimechelewa kulijibu kwa siku nne kwa sababu nilitaka nijibu nikiwa nimekwenda.

Nilikuwa sijakwenda. Nilikuwa nimejiuzulu uzee wa kanisa nikidhani imetosha. Juzi Jumamosi nimekwenda. Kijana mkubwa yuko hapa wilayani, ana karakana ya pikipiki. Nilimwambia kwamba kukataa kulikuwa kosa, na kulisoma lile daftari mbele yao ni kosa langu mimi, sikutumwa na Biblia. Hakusema amenisamehe. Aliniletea kigoda nikae, akaendelea kufunga gurudumu, tukakaa hivyo kama saa nzima. Wakati naondoka akaniambia mama yake alikuwa na bahasha kumi na moja tupu chini ya godoro, zimeandikwa namba, hakuwa na cha kutia.

---

Mhazini mstaafu

Nimesoma michango yote. Ile ya 1 Timotheo sijawahi kuiona hivyo na nimeisoma mara nyingi. Bado nasema kanisa lazima liwe na nidhamu. Lakini niambie, mzee mwenzangu, kwa vitendo mngefanyaje? Maana kulaumu ni rahisi, kesho kutakuwa na msiba na daftari litakuwepo.

---

Mleta uzi

Swali hilo ndilo nililolipeleka kwenye baraza. Nimeomba nafasi kama msharika wa kawaida, mchungaji akakubali, kikao kimekaa jana.

Nilipeleka mambo matatu. La kwanza, daftari la ahadi lisifunguliwe msibani, na mzee wa mtaa anayeona bahasha imekatika miezi mitatu aende nyumbani kwa mtu huyo akiwa mikono mitupu, asiende kudai, aende kuuliza kuna nini. Hili lilipita, ingawa walibishana sana kuhusu nani atakwenda, maana mitaa ni mikubwa na wazee ni wachache. La pili, tuwe na daftari la wajane na wagonjwa wa muda mrefu, na sehemu ya mnada wa mwezi iende huko, ikiwemo sanda na jeneza kwa asiye na mtu. Limepita nusu: daftari limekubaliwa, kiasi cha fedha kimesogezwa mpaka mkutano mkuu wa usharika. Mhazini wetu alisema maneno karibu sawa na yako, na sikumlaumu, ana madeni ya jengo.

La tatu nililitaja mwisho kwa sababu niliogopa. Niliomba mchungaji na kwaya waende kwenye kaburi la yule mama, wakafanye ibada ambayo haikufanyika, kwa kanzu, na kengele ipigwe siku hiyo. Mzee mmoja akasema kanisa halijawahi kurudia maziko. Mwinjilisti, yule yule aliyetumwa bila kanzu, akasimama akasema kwamba haya hayajawahi kufanyika hata mara ya kwanza. Kimya kikawa kirefu. Mchungaji akafungua shajara yake akatafuta tarehe.

Ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili. Nimewapigia simu vijana leo asubuhi. Mkubwa amesema atakuja, na atawaambia wanawake wa stendi. Mdogo yuko Mbeya, hajapokea. Nitampigia tena jioni.